Unga wa nyuzinyuzi kwa mwenye choo kigumu: maswali na majibu

Nyuzinyuzi si zote ni zilezile?
Hapana, na hapo ndipo wengi wanapokosea kununua. Siliamu, yaani maganda ya mbegu za mmea uitwao Plantago ovata, hufyonza maji na kuwa ute mzito. Ute huo hauchachuki sana, kwa hiyo hufika mwisho wa utumbo ukiwa bado na maji yake na kulainisha choo. Cha kushangaza, huwafaa pia baadhi ya wenye choo chepesi, kwa sababu hukusanya maji yaliyozidi. Inulini, aina nyingine ya nyuzinyuzi, ni habari tofauti: bakteria wa utumbo mpana huichachua upesi, gesi ikajaa. Mwenye tumbo linalojaa gesi kirahisi, mimi nisingemshauri aanze na inulini.

Naunywaje?
Anza na kiasi kidogo mara moja kwa siku, uongeze taratibu kwa wiki moja au mbili. Ukianza na dozi kubwa, tumbo litajaa na kunguruma, nawe utaacha kabla hujaona faida. Koroga kila dozi ya siliamu kwenye maji yasiyopungua mililita 240 na uinywe papo hapo, kabla haijaganda. Usiubwie mkavu kamwe! Unaweza kuvimba kooni ukakukaba.

Nilikunywa jana, mbona kimya?
Subiri. Siliamu huchukua saa 12 hadi 72. Kuongeza dozi kwa pupa bila kuongeza maji kunaweza kuzidisha tatizo.

Na dawa zangu nyingine?
Ziachanishe na unga kwa muda wa saa 2 hivi, maana ute unaweza kupunguza ufyonzwaji wa dawa hizo. Anayetumia dawa za kisukari amwambie daktari kwanza. Sukari inaweza kushuka.

Unatosha badala ya chakula?
Hautoshi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula: mboga, matunda, jamii ya kunde na nafaka zisizokobolewa. Dozi moja ya siliamu mara nyingi ni gramu 3 au 4 tu.

Nani asiutumie?
Mwenye shida ya kumeza, au ambaye utumbo wake umeziba au kuwa mwembamba. Ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila sababu, au choo kikibadilika ghafla na kubaki hivyo, nenda ukapimwe kwanza. Tumbo likiuma sana huku unatapika na hata ushuzi hautoki, hiyo ni dharura: wahi hospitali.