Mtoto Aliyevimba Hakubemendwa

Mama anapomleta wodini mtoto wa mwaka mmoja na nusu, uso umejaa, miguu inang'aa kwa uvimbe na nywele zimenyonyoka na kupoteza weusi wake, mara nyingi ndugu waliomsindikiza wameshatoa hukumu njiani: mtoto amebemendwa. Nimelisikia neno hilo kwa bibi na mama wakwe, kwa akina baba waliosoma, na hata kwa watumishi wa afya waliopaswa kulikanusha, nami nimechoka kuona mama akilia kwa aibu wakati mtoto wake anahitaji tiba ya kwashakoo, yaani utapiamlo mkali unaovimbisha mwili.

Imani yenyewe inajulikana. Inadai kwamba wazazi wakikutana kimwili kabla mtoto hajaacha ziwa, mbegu za kiume zikayaharibu maziwa, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa kisha akambeba mtoto, basi mtoto ataharisha, atadhoofika na hatimaye atavimba. Kwa Wamijikenda wa Kilifi, pwani ya Kenya, kuna imani iliyo karibu sana na hiyo, nayo huitwa chirwa. Jina hubadilika kutoka mahali hadi mahali, lakini anayebeba lawama karibu kila mara ni mama.

Hakuna njia yoyote mwilini ambayo mbegu za kiume zinaweza kupita na kuyafikia maziwa. Maziwa hutengenezwa ndani ya titi kutokana na virutubisho vinavyoletwa na damu ya mama, na tendo la ndoa haliyachafui wala haliyapunguzii nguvu. Mzazi aliyetoka nje ya ndoa anaweza kuwa amefanya kosa, na anaweza kurudi na magonjwa ya zinaa, lakini kumbeba mtoto hakumletei mtoto huyo kwashakoo, au unyafuzi kama tulivyofundishwa shuleni.

Hata hivyo, wazee walioijenga imani hii waliona jambo la kweli, isipokuwa walikosea sababu yake. Waliona kwamba mama akipata mimba nyingine mapema, mtoto aliye mgongoni huanza kudhoofika. Kinachotokea ni kwamba mtoto huyo huachishwa ziwa kwa ghafla, mara nyingi kwa sababu ya hofu hiyo hiyo ya kubemenda, kisha hupewa uji mwepesi wa mahindi au wa muhogo asubuhi, mchana na jioni, usio na maharage, karanga, dagaa wala maziwa. Surua au kuhara kukimkuta katika hali hiyo, mwili unashindwa. Daktari Cicely Williams alipouandika ugonjwa huu mwaka 1933 akiwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliuhusisha na ulaji wa mahindi kwa watoto, wala hakuhitaji kuchunguza ndoa ya mtu yeyote.

Uvimbe wa kwashakoo ni maji yaliyotoka kwenye mishipa midogo ya damu yakakaa katikati ya tishu. Protini ya damu iitwayo albumini, ambayo husaidia kuyazuia maji yasitoke, huwa imepungua. Figo hushikilia chumvi, na chumvi huvuta maji. Seli zenyewe, zilizochoshwa na njaa na maambukizi, huvuja na kupoteza madini ya potasiamu. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba albumini peke yake inatosha kueleza kila kitu, lakini mtoto aliyetibiwa vizuri huweza kuanza kupungua uvimbe kabla albumini yake haijapanda, na hiyo yatosha kuonyesha kwamba mambo kadhaa hufanya kazi kwa pamoja.

Kinachoniumiza zaidi ni muda unaopotea. Mama anayetuhumiwa humficha mtoto ndani, humwogesha na kumnywesha miti shamba ya kuondoa ubemendwa, na mbaya kuliko yote, humnyima ziwa, chakula bora alichobakiwa nacho. Mtoto hutufikia mwili ukiwa wa baridi, sukari ya damu imeshuka na maambukizi yameenea. Kwa hiyo nasema wazi: mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi afike miaka 2 au zaidi, na mama aliyepata mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha akiwa na mimba hiyo. Baba anayesoma maneno haya namwomba ampeleke mtoto kituoni kwanza, na asimhoji mkewe mbele ya watu.

Dhana ya pili ni kwamba mtoto aliyejaa mashavu amenenepa. Mafuta hayabonyei yakabaki na shimo, maji hubonyea. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa mguu wa mtoto, si chini ya unyayo, kwa sekunde 3, kisha achia, halafu fanya vivyo hivyo kwenye mguu wa pili. Shimo likibaki miguu yote miwili, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo; na ikithibitika kwamba chanzo chake ni lishe, huo ni utapiamlo mkali hata kama uzito kwenye kadi ya kliniki unapendeza na kipimo cha utepe unaozungushwa mkono wa juu kimezidi sentimita 11.5. Maji yana uzito, na mizani haijui kuyatofautisha na nyama. Ndiyo maana mtoto anapoanza kupona uzito wake hushuka kwanza, jambo ambalo huwatisha wazazi wengi hadi wanaomba ruhusa ya kuondoka. Wasiondoke, kwa sababu kushuka huko ni maji yanayotoka.

Wapo wanaosikia kwamba tatizo ni lishe, wakakimbilia kumshindilia mtoto mayai na nyama kwa siku moja. Mwili uliodhoofika hauwezi kuupokea mzigo huo, na moyo unaweza kushindwa. Wodini tunaanza na maziwa ya F-75, yenye protini kidogo kwa makusudi, yanayotolewa kidogo kidogo usiku na mchana, na hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua ndipo tunapohamia taratibu kwenye maziwa ya F-100, yenye nguvu zaidi, au chakula dawa, yaani chakula maalumu cha kutibu utapiamlo. Wengine hununua dawa ya kukojosha dukani. Kwa mtoto mwenye kwashakoo dawa hiyo ni hatari, kwa kuwa humpotezea potasiamu ambayo tayari ameishiwa, na haigusi chanzo cha uvimbe.

Si kila uvimbe ni kwashakoo. Mtoto anayekula vizuri lakini anaamka macho yamevimba, na mkojo wake una povu lisiloisha, huenda figo zake zinapitisha protini; apimwe mkojo, kwani wengi wa watoto hao hupata nafuu kwa dawa ya prednisoloni chini ya uangalizi wa daktari. Mkojo ukiwa wa kahawia wiki chache baada ya vidonda vya koo au vya ngozi, apimwe pia shinikizo la damu bila kuchelewa. Mguu mmoja uliovimba peke yake, wenye joto na maumivu, ni habari ya jipu, jeraha au maambukizi. Na kumnyima maji mtoto wa figo kwa hofu kwamba ndiyo yanayomvimbisha ni kumtesa, isipokuwa daktari ameagiza; kinachopaswa kupunguzwa nyumbani ni chumvi, pamoja na magadi yanayotiwa kwenye mboga.

Mtoto mwenyewe naye anastahili kuelezwa, maana watoto wa miaka 6 au 7 husikia minong'ono ya watu wazima na kuamini kwamba wamerogwa au wamekosa. Mimi huwaambia hivi: ndani ya damu yako kuna vitu vidogo vinavyoyashika maji kama dodoki, sasa vimepungua, kwa hiyo maji yametoka nje ya mishipa yakajificha chini ya ngozi yako, na ndiyo maana miguu ni mizito na viatu havikuingii. Hukufanya kosa lolote. Dawa na chakula vitasaidia vitu hivyo virudi, na maji hayo utayakojoa yote. Kisha namwonyesha jinsi ya kubonyeza mguu wake mwenyewe kila asubuhi na kuniambia kama shimo ni kubwa au dogo kuliko la jana, na akiwa mgonjwa wa figo namwomba amwite muuguzi aangalie povu kabla mkojo haujamwagwa.