Utando wa polima si chekecheke

Hapa Dodoma, mtu akisikia kuna utando wa polima (kitu cha minyororo mirefu ya molekuli, kama mpira au plastiki) unaotenganisha gesi, akili humpeleka kwenye chekecheke la unga wa uwele: chembe ndogo zipite, kubwa zibaki.

Basi chukua puto la mpira, livishe mdomoni mwa chupa ya maji ya zabibu yanayochacha. Litavimba kwa hewa ukaa. Lifunge, uliweke kando ya puto la heliamu la sherehe. Heliamu ndiyo yenye chembe ndogo zaidi, kwa hiyo kwa hesabu ya chekecheke ingewahi kutoka. Kumbe mpira asilia hupitisha hewa ukaa haraka zaidi, tena mara kadhaa!

Gesi haitafuti tundu. Huyeyuka ndani ya mpira kama sukari kwenye chai, kisha hujipenyeza kati ya minyororo ya polima inayotikisika na kuibukia upande wa pili. Hewa ukaa huyeyuka humo vizuri, heliamu kidogo sana. Ukubwa nao una kazi yake (zipo tando nyingine zinazochekecha kweli), ila hauamui peke yake. Mkemia Mskoti Thomas Graham alieleza kuyeyuka na kupenya huko mwaka 1866.