Moduli Umepakia, Mbona Kazi Bado Imekwama?

Dhana: `module load samtools` inasakinisha programu.
Hakuna kinachosakinishwa. Wasimamizi wa klasta (kundi la kompyuta zilizounganishwa, mnazotumia kwa pamoja) walishaiweka samtools, programu ya kuchakata data za DNA, kitambo kwenye diski inayosomwa na seva zote. Amri hiyo inagusa mazingira ya dirisha lako tu, hasa PATH, yaani orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu. Ndiyo maana huombwi nywila ya msimamizi, na ukitoka ukaingia tena, moduli haipo.

Dhana: samtools ni samtools, toleo si hoja.
Hapa ndipo watu wanapoumia. Enzi za toleo 0.1.19, kupanga faili la BAM (linalohifadhi vipande vya DNA vilivyosomwa) uliandika hivi:

`samtools sort sampuli.bam sampuli_pangwa`

Programu ikaongeza `.bam` yenyewe. Kuanzia 1.3 mtindo huo hauna kazi tena, sharti uandike:

`samtools sort -o sampuli_pangwa.bam sampuli.bam`

Sasa chukua skripti uliyorithi kwa mwanafunzi aliyekwishahitimu, uiendeshe bila kutaja namba ya toleo kwenye `module load`. Utapewa toleo ambalo wasimamizi wameliteua kuwa la kawaida, na wana haki ya kulibadilisha wakati wowote. Afadhali hata ikigoma, utajua. Kibaya ni programu inayoipokea amri ileile kimyakimya, kumbe toleo jipya limebadilisha viwango vya kuchuja, na matokeo yako hayafanani tena na ya mwaka jana. Andika `samtools/1.17` au lolote ulilochagua, na namba hiyohiyo iingie kwenye sehemu ya mbinu ya makala yako. Mhakiki makini ataiuliza.

Dhana: nikipakia moduli kwenye klasta, kazi inakwenda kasi.
`blastn`, programu ya BLAST ya kutafuta mifuatano ya DNA inayofanana, hutumia uzi (thread) mmoja, yaani prosesa moja, usipoiwekea `-num_threads`. Ukiomba Slurm (programu inayogawa kazi kwenye klasta) prosesa 16 ukasahau hilo, 15 zinakaa bure na wenzako wako foleni. (Na wanaoendesha BLAST kwenye seva ya kuingilia (login node), ambayo wote tunapitia, tafadhali, acheni.)

Dhana: nilishapakia kabla ya kutuma kazi, sina haja ya kurudia kwenye skripti.
Leo itakubali, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kawaida `sbatch`, amri ya kutuma kazi kwa Slurm, hubeba mazingira uliyonayo wakati huo na kuyapeleka kwenye kazi. Wiki ijayo umeingia upya, hukupakia kitu, unakuta `command not found` kwenye skripti ambayo hujaigusa hata herufi. Ndani ya skripti anza na `module purge`, inayoondoa moduli zilizopakiwa, kisha pakia unachohitaji, kila moja na namba yake.

Dhana: moduli isiyoonekana kwenye `module avail`, amri ya kuorodhesha moduli, haipo.
Si lazima. Klasta nyingi husimamia moduli kwa Lmod, iliyotengenezwa TACC, kituo cha kompyuta kuu huko Texas. Pale moduli zilipopangwa kwa ngazi, `avail` huonyesha zile tu zinazoweza kupakiwa muda huo. Nyingine hujitokeza ukishapakia kikusanyaji (compiler) zilichojengewa. Jaribu `module spider`, inayotafuta hata zilizojificha, na jina la programu kabla ya kumwandikia msimamizi.