Je, wajua kwa nini ni vigumu kutunga hadithi mbaya kwa makusudi?

Tarehe 18 Desemba 2010, kule Abu Dhabi, TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi, walifungwa 3-0 na Inter Milan katika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Lubumbashi nzima inayajua matokeo hayo. Lakini shabiki ana ruhusa ya kuyakataa. Anakaa zake Katuba na simu mkononi, anaandika fainali nyingine: dakika ya 80 anaingia Divine-Aurore, msichana wa miaka 16, macho ya zambarau, nywele hadi magotini. Anafunga manne. Eto'o wa Inter analia kwa uzuri wa mabao hayo. Kidiaba, kipa wa Mazembe, anasahau hata kuruka kwa makalio kama afanyavyo kila akisherehekea bao, anavua glovu zake na kumkabidhi.

Hiyo ndiyo hadithi ya shabiki: mtu anachukua kitabu, filamu au timu aipendayo na kuiendeleza atakavyo. Hii ni mbaya, na nimeitunga makusudi iwe mbaya. Wapo wanaofanya mchezo huo kwa miaka mingi, tena kwa pamoja.

Mfano maarufu ni wa 1973. Wapenzi wa Star Trek, mfululizo wa televisheni wa Marekani, walikuwa wakichapa majarida yao wenyewe, na ndani yake walijaa wasichana wasio na dosari. Paula Smith, aliyehariri jarida moja la namna hiyo, akachoka. Akaandika kisa kifupi mno cha Luteni Mary Sue, mwenye miaka kumi na tano na nusu, mdogo kuliko maluteni wote. Nahodha anampenda papo hapo, yeye anaokoa kila mtu, kisha anakufa huku wote wakimlilia, na siku yake ya kuzaliwa inafanywa sikukuu ya chombo kizima. Tangu hapo mhusika wa aina hiyo huitwa Mary Sue.

Sasa tazama Smith alivyofanya. Hakubananga kila kitu. Sentensi zake ni safi, na anasimulia kwa uso mkavu kabisa. Ukiharibu sarufi, tahajia na kisa kwa mpigo, msomaji hachekeshwi, anachoka tu. Unachagua ugonjwa mmoja na kuuacha ukue hadi uonekane.

Na ugonjwa wenyewe mara nyingi hauko pale unapodhaniwa. Kwa Divine-Aurore, tatizo si mabao manne. Tatizo ni kwamba Kidiaba si Kidiaba tena. Asiyewahi kumwona akisherehekea bao hataona kichekesho, na asiyempenda hatajua pa kumvunja. Ndiyo maana nasema mzaha huu, kwa ukali wake wote, ni kazi ya watu waaminifu kwa hadithi ya asili.

Kundi la mtandaoni la Protectors of the Plot Continuum (Walinzi wa Mwendelezo wa Kisa), lililoanza 2002 na waandishi wawili waliojiita Jay na Acacia, liliugeuza uaminifu huo kuwa kisa chenyewe. Katika visa vyao, mawakala wawili wanaingia ndani ya hadithi mbovu, wanaandika makosa ya Mary Sue mmoja baada ya mwingine, wanamsomea mashitaka, kisha wanamwondoa ili wahusika warudiwe na akili zao. Tena katika hadithi za The Lord of the Rings, jina likikosewa tahajia, linazaa zimwi dogo la aina ya Balrog, pepo wa moto aliyebuniwa na Tolkien, mwandishi wa kitabu hicho, nalo linabeba jina hilohilo lililokosewa. Andika "Kidaba", basi umepata zimwi liitwalo Kidaba, ulilishe bukari, yaani ugali, wewe mwenyewe.

Huingii tu na kuanza kucheka. Mgeni anaomba ruhusa, anaonyesha mfano wa maandishi yake, na kazi yake inasomwa na mwenzake kabla ya kutolewa. Anayetaka kudhihaki uandishi mbaya lazima kwanza athibitishe kwamba anajua kuandika. Naona ni haki kabisa.

Upande wa giza upo pia. Jim Theis alikuwa na miaka 16 hivi alipoandika hadithi yake, "The Eye of Argon", iliyochapishwa mwaka 1970 katika jarida la mashabiki. Kwenye mikutano ya wapenzi wa hadithi za ajabu ikawa mchezo: unaisoma kwa sauti, ukicheka unampa mwingine zamu. Miaka baadaye Theis alisema kwamba haandiki tena. Waandishi wengi wa hadithi za mashabiki ni wa umri kama wake wa wakati ule, kwa hiyo makundi yenye busara hukataza kumfuata mwandishi na kumtukana. Wanashughulika na Mary Sue peke yake.

Kwa vijana wa Lubumbashi wanaotaka kujaribu, njia rahisi ni kila mmoja kuleta daftari lake mwenyewe la sekondari. Soma kwa zamu, na wenzako wakukate palepale: "Yaya, na mupira, nani alikuwa nao?"