Tezi likivimba tuliza roho, kisha hesabu siku

Kila wiki hapa kliniki kwetu huingia mtu mkono uko shingoni, hata hajakaa ashaanza, daktari hiki kifundo ni nini, usiku kucha nasoma kwa intaneti naambiwa ni kansa. Namuelewa kabisa, saa nane ya usiku uko peke yako na kitu kimetokeza chini ya taya, usingizi utatoka wapi.

Tezi za limfu kila mtu anazo, kama 600 hivi mwili mzima, shingoni, makwapani, kinenani, na zingine ziko ndani ya kifua na tumbo huwezi kuzishika. Zinachuja majimaji ya mwili kabla hayajarudi kwa damu, na ndani yake mna seli za kinga, sasa vijidudu vikifika seli hizo zazaana kwa wingi ndio waona tezi limevimba na lauma.

Kwa hivyo mimi kabla ya tezi nauliza limetokana na nini. Likiwa chini ya taya natazama meno na koo. Mtoto akiwa nalo nyuma ya kichwa nafunua nywele, mara nyingi nakuta mapunye ama vidonda vya chawa. Mtu akija na mtoki wa kinenani namwambia vua viatu kwanza, maana siku nne nyuma alijikata na kombe pale ufuoni akasahau, leo hawezi kutembea yuwalaumu mtoki na kidonda kiko kidoleni. Magonjwa ya zinaa pia huleta mitoki, hapo watu hunificha sana, tafadhali semeni, hatuko hapa kumhukumu mtu. Na sisi watu wa pwani tuna matende, minyoo yake huletwa na mbu, na yaweza kuleta mitoki ya kuuma na homa inayokuja na kuondoka, kwa hivyo dawa zikigawiwa mtaani mezeni.

Tezi la namna hiyo, laini, lauma, ukilisukuma lateleza, mara nyingi hupungua ndani ya wiki mbili mpaka nne, na laweza kubaki kama punje ya mbaazi kwa miezi bila shida yoyote. Lakini usilibonyeze kila saa, utalitonesha tu.

Linalonitia wasiwasi mimi ni lile lisilouma, na ndilo watu hukaa nalo mwaka mzima eti halinisumbui. Gumu, halisogei, lazidi kukua, limepita sentimita mbili, ama limetokea juu ya mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, hilo la mtulinga usingoje hata wiki. Ongeza homa zisizoisha, uzito kushuka na jasho la usiku. Najua Mombasa sote twatoka jasho, nasema lile la kulowesha shuka hata msimu wa kusi kukiwa na baridi.

Hapo twafikiria kifua kikuu cha tezi, na mtu huyo yawezekana hakohoi kabisa, tezi zashikana kama shada na mwisho hupasuka zikatoa usaha. Yatibika, kawaida ni miezi sita ya dawa na hospitali za serikali ni bure. Twapima na virusi vya ukimwi, na kansa ya tezi pia twaiangalia, twachukua kipande kidogo cha tezi ama twavuta kwa sindano nyembamba. Wengine wakisikia sindano wanatoroka wakiamini itaisambaza kansa, jamani hofu hiyo isikurudishe nyumbani, bila kipimo hicho hatuwezi kujua twatibu nini.

Kinachoniuma ni wanaokuja wamechelewa, wamechuliwa na mafuta mpaka ngozi imechubuka, wamenunua antibayotiki duka la dawa mara tatu, ama wamepewa steroidi, zile dawa za kupunguza uvimbe, tezi likanywea kwa muda na ugonjwa ukajificha. Andika tarehe uliyoliona, lipime kwa rula kila wiki mara moja, na ukija tuletee pakiti za dawa zote ulizomeza, hata za kuazima kwa jirani.