Pweza hana kosa, tatizo ni saa unayomnywa

"Dokta, supu ya pweza nimekunywa mwezi mzima, mbona homoni hazipandi?" Wa mwisho kuniuliza ni kijana wa bodaboda wa Ngamiani, Tanga, miaka 24, macho mekundu kama ametoka kuvua.

Pweza ni chakula kizuri. Ana protini na ana zinki. Lakini zinki humsaidia aliyepungukiwa nayo. Anayekula samaki na maharage kila siku hapandishi testosteroni, yaani homoni ya kiume, kwa kikombe cha supu. Lile joto analolisikia ni pilipili.

Kinachoniudhi ni hiki: supu anainywa saa sita usiku, anachezea simu mpaka saa nane, na saa kumi na moja alfajiri ameshawasha pikipiki kuwahi abiria wa stendi. Testosteroni hupanda mtu akiwa amelala, hata asubuhi ikawa juu kuliko jioni. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa matokeo ya vijana 10 wenye afya waliolazwa kwa saa 5 tu kila usiku. Baada ya wiki moja, homoni yao ya mchana ilikuwa imeshuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu, na huyu wangu ana mwaka wa pili barabarani.

Kisha anakuja saa kumi jioni anataka kipimo! Namrudisha. Damu ya kipimo hiki hutolewa asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, na majibu yakiwa ya chini tunarudia siku nyingine. Kabla ya hapo namtaka apate usingizi wa muda wa saa saba au nane kila usiku kwa wiki mbili, simu ikae chumba kingine.

"Punyeto imenimaliza homoni." Haijakumaliza. Testosteroni huingia kwenye damu, haimwagiki na manii.

"Kitambi ni afya." Mafuta ya tumboni huigeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Punguza kiuno.

"Nichome sindano za testosteroni kama wale wa gym." Hapo ubongo ukiona homoni imejaa huacha kuziamuru korodani, nazo husinyaa, mbegu zikapungua hata kuisha kabisa, na kurudi huchukua miezi. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu sindano hiyohiyo kama uzazi wa mpango wa wanaume. Anayeitaka namuuliza kwanza: mwanangu, mtoto unamtaka lini?