Alhambra: wanayodhani wageni na yaliyomo ukutani

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata ya kupanda ndege. Mtu anaamini akifika Granada, kusini mwa Uhispania, atapanga foleni, atanunua tiketi, ataingia. Tiketi za Alhambra, ngome na makasri ya kale ya masultani wa Kiislamu juu ya kilima cha mji huo, huisha mapema, mara nyingi wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Tena ni za jina la mtu, na pasipoti utaulizwa. Hata aliyefanikiwa kuipata hudhani saa iliyoandikwa juu yake ni ya kufika getini, kumbe ni ya kuingia katika makasri ya Wanasri, ukoo wa masultani walioijenga, ambayo ndiyo hasa yaliyomtoa nyumbani. Kutoka lango kuu hadi pale ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu. Muda wako ukipita, basi tena. Ipo na tiketi nafuu ya bustani na ngome, lakini haikufikishi ndani ya makasri hayo, na wapo wanaolijua hilo wakiwa tayari wamesimama mlangoni.

“Kasri la Wamoor,” ndivyo linavyotangazwa. Hakukuwa na kabila lililojiita hivyo. Ni jina ambalo Wakristo wa Ulaya waliwabandika Waislamu wa Andalus, yaani Uhispania na Ureno chini ya utawala wa Kiislamu, wote kwa jumla: Waarabu, Waberberi, na wenyeji wa Iberia waliosilimu. Walioijenga Alhambra ni masultani wa ukoo wa Nasri, kuanzia Muhammad bin al-Ahmar mwaka 1238. Wala si kasri moja. Juu ya kilima kile ulikuwepo mji mzima wenye ngome ya askari, makasri kadhaa, msikiti, hamamu na karakana za mafundi, na maji yake yaliletwa kwa mfereji wa kilomita kama 6 kutoka mto Darro, yakiteremka yenyewe. Lile jumba la mawe lenye ua wa duara, ambalo wengi hulipiga picha wakidhani ni la sultani, lilianza kujengwa mwaka 1527 kwa amri ya mfalme Carlos wa Tano, miaka 35 baada ya Granada kusalimu amri kwa wafalme Wakristo. Uani kwake unaingia bure.

Wengine huja wakitarajia dhahabu na marumaru toka sakafuni hadi darini. Marumaru ipo, kwenye nguzo za Ua wa Simba na simba wenyewe 12, ila uzuri mwingi wa kuta ni jasi tu iliyochongwa au kukandamizwa kwenye kalibu, juu ya vigae, chini ya mbao. Aliyekulia Lamu na kuona zidaka za plasta katika nyumba za zamani hatashangaa kwamba kitu rahisi kinaweza kufika mbali kikipata fundi. Dari la ukumbi wa Comares peke yake lina vipande vya mbao 8,017. Na weupe ule tunaousifu si wa asili: jasi ilipakwa rangi nyekundu, buluu na dhahabu, na mabaki yake bado yamo kwenye pembe ukitazama kwa subira.

Dhana inayonigusa zaidi ni ile ya kwamba maandishi yote ya ukutani ni Qurani. Aya zipo, lakini chache. Linalorudiwa kila mahali ni tamko la ukoo, “Wa la ghaliba illa Allah,” hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Kisha kuna mashairi, na haya si ya ibada hata kidogo. Ni majigambo! Chumba kinasema chenyewe. Katika Ukumbi wa Dada Wawili ukuta unajitambulisha kuwa ni bustani iliyojipamba kwa uzuri. Aliyetunga ni Ibn Zamrak, waziri wa Muhammad wa Tano, na kwenye beseni la simba anamtania mtazamaji kwamba maji na marumaru vimefanana mno, huwezi kujua kipi kinachotiririka. Asiyejua hayo hupita pale akidhani ni nakshi.

Doa jekundu kwenye chemchemi ya ukumbi wa Wabencerraje huelezwa kuwa ni damu ya waungwana wa ukoo huo waliochinjwa hapo. Ni kutu ya chuma. Hadithi tamu, na waongoza watalii hawataiacha.

Mwisho kuna wanaosema mambo haya hayatuhusu sisi wa pwani. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman na kumsifu kwa ukarimu. Karibu miaka 20 baadaye msafiri huyo huyo alikuwa Granada. Huko sultani Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa, hawakuonana. Mama yake sultani alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Huo Ua wa Simba asingeuona hata angekaribishwa ndani, kwa kuwa Muhammad wa Tano, mwana wa Yusuf, aliujenga zaidi ya miaka 10 baada ya hapo.